Pini ya Kilti: Mwongozo Kamili wa Kuitafuta, Kuichagua na Kuivaa

Ukialikwa harusi Glasgow, au ukiwa unahitimu chuo Aberdeen na wenzako wameamua siku ya mahafali watavaa kilti (lile vazi la kiume la Scotland linalofanana na sketi ya marinda), duka la kukodisha litakuvika kuanzia shingoni hadi miguuni: kilti yenyewe, koti, kizibao, sporran (ule mkoba unaoning'inia mbele), soksi ndefu na viatu vya kamba. Pini huja mwisho kabisa, na wengi huichagua kwa kutazama uso wake tu. Hii ina upanga, ile ina ua, nipe ya upanga. Usiku wa manane, anayefagia ukumbi ndiye anayeiokota chini ya meza.

Nitaanza na kazi ya pini, maana asiyeijua kazi yake hununua kubwa kupita kiasi na kuichoma mahali pasipofaa. Kisha tutakwenda kwenye kitambaa, tutaigeuza pini nyuma, tutaangalia madini, na sura itafuata baadaye. Mpangilio huu ni wa makusudi. Dukani huanza na sura, kwa sababu sura ndiyo inayouza.

Pini haifungi kitu

Kilti ya kiume iliyoshonwa kwa desturi hula yadi nane hivi za sufu, yaani zaidi kidogo ya mita saba. Sehemu kubwa ya kitambaa hicho huishia nyuma kwenye marinda. Mbele hakuna marinda, kuna mapande mawili bapa yanayolaliana: la ndani na la nje. Yote yanashikwa kiunoni kwa mikanda midogo ya ngozi yenye bizimu, na pande la nje huishia upande wa kulia wa mvaaji. Ukingo wake una matamvua, kama ya kikoi ila mafupi zaidi. Pini hukaa hapo chini, kwenye pembe ya kulia, karibu na matamvua.

Inachomwa kwenye pande la nje peke yake. Hili ndilo jambo ambalo wageni wa kilti hulikosea zaidi, na si wageni tu, nimewaona Waskoti wa kuzaliwa wakilikosea vilevile. Mtu anaona pini, anadhani ni ya kubana, anaipitisha mapande yote mawili. Akisimama hakuna tatizo. Akikaa, au akipanda ngazi za basi, mapande mawili yanataka kuachana na pini inayazuia, na kinachosalimu amri ni sufu. Tundu lake ni gumu kulificha, kwa sababu tartani, yaani kitambaa cha miraba cha kilti, ina mistari iliyonyooka na jicho huona mara moja palipopinda.

Kwa hiyo kazi ya pini ni mbili: uzito kidogo kwenye pembe ya pande la nje, na pambo. Upepo wa Scotland hauogopi pini. Kinachoituliza kilti ni uzito wa zile yadi nane.

Kuna kisa kwamba Malkia Victoria, siku ya upepo mkali, aliona kilti ya askari inapeperuka akachomoa pini yake mwenyewe na kuibana. Ni kisa kitamu, na kweli Victoria aliipenda Scotland mpaka familia yake ikawa na kasri la Balmoral huko, lakini hakina ushahidi na mimi nakiacha kwenye kapu la hadithi. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1849 Walter Hunt wa New York alipata hataza ya pini yenye springi na kifuniko cha ncha, ile tunayoijua kwa kubania nepi. Pini sahili kabisa za kilti hadi leo zina umbo hilo, zimekuzwa tu.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Sketi za kike za mtindo wa kilti, zikiwemo za sare za shule, ni habari nyingine. Hizo mara nyingi hazina mikanda ya ngozi ya kutosha, na pini yake kweli hubana mapande yote mawili. Ushauri uliomo humu ni wa kilti kamili.

Hatua ya 1: Ijue nguo yako

Kitambaa cha kilti hupimwa kwa aunsi kwa yadi. Aunsi 16 ni kizito, cha mtu anayevaa mara kwa mara au anayepiga zumari kwenye bendi. Aunsi 13 ni cha kati. Aunsi 10 au 11 ni chepesi, na hapo ndipo utakuta pia kilti za bei nafuu za mchanganyiko wa poliesta na viskosi. Kama umekodi na hujui, muulize mhudumu. Akishindwa kujibu, shika pindo kwa vidole viwili, liinue, liachie. Kitambaa kizito huanguka kwa mkupuo na kutulia hapo hapo. Chepesi huyumba kwanza.

Pini nzito kwenye kitambaa kizito haina shida. Pini hiyohiyo kwenye aunsi 10 huvuta pembe chini, na pande zima linaonekana limepinda. Kipimo kizuri kiko kwenye nguo yenyewe. Ining'inize kilti, choma pini, rudi nyuma hatua mbili tatu, kisha fuata kwa macho mstari mmoja wa tartani unaoteremka karibu na pini. Ukinyooka hadi kwenye pindo, uzito unafaa. Ukijikunja kuelekea kwenye pini, tafuta nyepesi zaidi.

Urefu hauhitaji maneno mengi. Pini nyingi ni kati ya sentimita 8 na 10. Mtu mfupi ambaye kilti yake nayo ni fupi atapendeza na ya 7 au 8. Zipo kubwa kuliko hapo, nazo huishia kuonekana kana kwamba pini ndiyo imemvaa mtu.

Hatua ya 2: Igeuze

Kabla hujaupenda uso wake, igeuze. Nyuma ya pini kuna mambo matatu: sindano, bawaba inayoishika sindano upande mmoja, na kulabu inayoipokea upande wa pili. Hapo ndipo ubora ulipo na hapo ndipo watengenezaji wa bei rahisi hubana matumizi, maana wanajua mteja hatazami.

Kuna aina tatu za migongo utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni pini ya springi, waya mmoja uliosokotwa upande mmoja na kofia ya kufunika ncha upande wa pili. Ni sahili, ni nyepesi, haifunguki hovyo. Kwa kilti nyepesi ya kuvaa mchana mimi ningechukua hii bila kufikiri mara mbili.

Ya pili ni mgongo wa bruchi: sindano iliyonyooka juu ya bawaba, na kulabu. Nyingi kati ya pini za mapambo ziko hivi. Hapa angalia kulabu kwa makini. Ikiwa ni kulabu wazi tu, kipande cha madini kilichokunjwa mfano wa herufi C, sindano inaweza kuchomoka mara tu pini ikisukumwa na kona ya kiti. Tafuta yenye kifuniko kidogo kinachozunguka na kuifungia sindano ndani. Kizungushe mara kadhaa ukiwa dukani. Kinatakiwa kiwe kigumu kiasi cha kuhitaji ukucha, kisiwe kinazunguka chenyewe ukitikisa.

Ya tatu ina vijiti viwili vifupi vilivyochongoka na vibanio vya kubonyeza, kama vya beji za kola. Kwenye kola ya koti vinafaa. Kwenye sufu nene vibanio huachia, na vijiti vyake vinene hutoboa badala ya kupita katikati ya nyuzi. Mimi sizichukui hata zikiuzwa kwa nusu bei.

Ukishajua aina, ifungue. Sindano yenye mvutano mzuri huruka nje kidogo ikitolewa kwenye kulabu. Ikibaki imelala palepale ulipoiachia, haina nguvu ya kujishikilia na itachomoka siku ya kwanza. Itikise karibu na sikio usikie kama bawaba inacheza. Pitisha sindano polepole kwenye kitambaa laini, soksi nyembamba ya nailoni ni nzuri kwa hili. Ikikwama popote, ina kijino cha chuma ambacho kitavuta uzi wa sufu vilevile. Ncha yenyewe iwe kali. Watu huogopa ncha kali, lakini ncha butu ndiyo inayochana, kwa sababu haipiti kati ya nyuzi, inazisukuma hadi zikatike. Na ncha isitokeze nje ya kulabu, la sivyo itakuchoma paja au kuchana gauni la unayecheza naye.

Unene wa sindano: milimita moja na kidogo unatosha. Ikikaribia milimita mbili ni ya blanketi.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni mwanya kati ya sindano na mwili wa pini. Sufu ya aunsi 16 ni nene. Mwanya ukiwa mwembamba, kitambaa hujikusanya ndani yake na kufanya mkunjo, na pini inakaa imebinuka. Peleka kilti yako dukani ukiweza. Kama huwezi, kunja kona ya skafu ya sufu na uijaribie hapo.

Mwisho, angalia bawaba na kulabu zimeshikizwaje mgongoni. Kwenye pini nzuri, ama zimemwagwa pamoja na mwili wake au zimelehemiwa. Ukiona duara la kitu kinachong'aa kama ute uliokauka kuzunguka shina la bawaba, hiyo ni gundi. Irudishe.

Hatua ya 3: Madini

Pyuta ndiyo utakayoikuta kwenye maduka mengi. Ni aloi ya madini ya bati yenye antimoni na shaba kidogo. Ya zamani ilikuwa na risasi, ya leo kwa kawaida haina. Ni laini, inapokea michoro midogo vizuri sana, haichakai rangi haraka, na bei yake inavumilika. Kwa mtu anayevaa kilti mara mbili kwa mwaka, pyuta nzuri yenye sindano ya chuma kisichoshika kutu inatosha kabisa. Hiyo sindano iulizie kwa jina. Scotland mvua hainyeshi kwa miadi, na sindano ya chuma cha kawaida ikilala kwenye sufu yenye unyevu huacha doa la kutu.

Iliyopakwa kromu hung'aa kama kioo na hukaa hivyo bila kusuguliwa. Ukiikwaruza ndipo rangi ya madini yaliyo chini huchungulia. Inakwenda vizuri na sporran ya sherehe yenye mnyororo wa kromu. Pini za shaba ya manjano na za pembe ya kulungu ni za mavazi ya mchana, na koti la twidi ndilo linalozipokea. Kwa ujumla, linganisha pini na madini mengine uliyovaa: mnyororo wa sporran, bizimu ya mkanda, vifungo vya koti. Vyote viking'aa, pini ing'ae. Vikiwa vya kijivu cha kizamani, pini nayo iwe hivyo.

Fedha ndiyo inayohitaji macho, kwa sababu hapo ndipo fedha yako itatoka.

Uingereza ina utaratibu wa kupima madini ya thamani na kuyapiga chapa, na Edinburgh wamekuwa wakiufuata tangu karne ya 15. Chukua lenzi ya sonara, au piga picha ya mgongo kwa simu kisha uikuze. Kwenye pini ya fedha iliyopimwa Edinburgh utaona mstari wa chapa ndogo. Kuna herufi za mtengenezaji au muuzaji aliyeipeleka kupimwa, ndani ya ngao. Kuna namba 925 ndani ya duara refu, maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi. Kuna ngome yenye minara mitatu, alama ya ofisi ya Edinburgh. Mara nyingi kuna pia simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, aliyeanza kutumika huko mwaka 1975 kuchukua nafasi ya ua la mbaruti, na herufi moja ya mwaka. Tangu 1999 herufi ya mwaka si lazima, kwa hiyo pini mpya isiyo nayo si bandia.

Ukikuta nanga badala ya ngome, ilipimwa Birmingham. Waridi ni Sheffield, kichwa cha chui ni London. Hilo halipunguzi ubora hata kidogo, ila muuzaji anayekuambia pini yake ilitengenezwa na kupimwa Edinburgh huku mgongoni kuna nanga, ana maswali ya kujibu. Samaki, mti, ndege na kengele ni alama ya Glasgow, ofisi iliyofungwa mwaka 1964. Ukiiona kwenye pini inayouzwa kama mpya, weka chini.

Kitu cha fedha chenye uzito chini ya gramu 7.78 kinaruhusiwa kuuzwa huko bila chapa, lakini pini ya kilti yenye mwili wa kutosha huvuka uzito huo. Kwa hiyo neno la mdomo kwamba "ni fedha, ila haina chapa" lisikupite hivihivi.

Herufi EPNS hazimaanishi fedha. Ni madini ya shaba, nikeli na zinki yaliyopakwa utando wa fedha juu. "Fedha ya Kijerumani" na "fedha ya nikeli" hazina fedha ndani yake kabisa. Sumaku nayo ina mipaka: ikivuta mwili wa pini, ujue ni chuma, lakini isipovuta inaweza kuwa fedha, pyuta au shaba. Na usiipime kwenye sindano, kwani hata pini ya fedha safi inaweza kuwa na sindano ya chuma.

Hatua ya 4: Sura

Hapa sasa kila mtu na jicho lake, lakini kuna adabu zake.

Nembo za koo ndizo za kuangalia. Nembo ni mali ya kiongozi wa ukoo, na watu wa ukoo huivaa ikiwa imezungukwa na mkanda wenye bizimu ulioandikwa kaulimbiu yake. Edinburgh kuna Mahakama ya Lord Lyon inayosimamia mambo ya nembo, na Waskoti wengi hulichukulia jambo hili kwa uzito. Hakuna polisi atakayekukamata kwa kuvaa pini yenye nembo ya ukoo wa Campbell, ila ukikaa meza moja na Campbell halisi atakuuliza wewe ni wa tawi lipi, na hapo utajikuta unaeleza mambo mengi. Kama umeoa au kuolewa kwenye ukoo huo, au wenyewe wamekupa, ivae kwa raha zako.

Asiye na ukoo ana uwanja mpana. Mbaruti ni ua la taifa na ni la kila mtu. Msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera, vilevile. Mafundo ya Kiselti yasiyo na mwanzo wala mwisho yanapendeza kwenye pyuta kuliko kwenye kromu, kwa kuwa kivuli hukaa kwenye mikunjo. Luckenbooth ni moyo wenye taji, na jina lake limetoka kwenye vibanda vilivyokuwa vikifungwa kwa kufuli karibu na kanisa la St Giles mjini Edinburgh, ambako masonara waliuza mapambo. Ni zawadi ya wachumba tangu zamani, kwa hiyo bwana harusi akiichagua hakosei.

Upanga ndio unaopendwa kupita yote, na mabishano yake hayaishi: ncha iangalie juu au chini? Sioni kanuni ya kumaliza ubishi huo. Wengi huweka mpini juu na ncha chini. Angalia tu kabla ya kununua sindano yake inafungukia wapi, maana kulabu ikiwa upande wa juu na ikalegea, pini nzima inateleza na kwenda zake.

Pini zenye jiwe la kahawia lenye umanjano huuzwa kwa jina la cairngorm. Hiyo ni kwazi (quartz) ya moshi, iliyopewa jina la milima ya Cairngorm huko Highlands. Jiwe halisi kutoka milima hiyo ni adimu, na mengi yanayouzwa kwa jina hilo yametoka kwingine au ni kioo. Litazame dhidi ya mwanga: viputo vya mviringo ndani yake ni dalili ya kioo. Liguse kwa mdomo wa juu, kwazi hukaa baridi muda mrefu zaidi. Na ukikuta mgongoni pameandikwa Miracle, hiyo ni chapa ya mapambo ya bei nafuu ya Birmingham yenye mawe ya kioo. Ni mazuri, yana wapenzi wake, ila yasiuzwe kwa bei ya urithi wa Malkia Victoria.

Hatua ya 5: Pa kuitafuta

Ukiwa Edinburgh, barabara ya Royal Mile imejaa maduka. Mengi ni ya watalii, na pini zake nyingine zimepita bahari kabla hazijafika hapo. Uliza swali moja tu: imetengenezwa na nani? Mwenye duka la mafundi atakutajia jina la karakana. Mwingine atakuambia "imebuniwa Scotland", nawe umepata jibu. Visiwa vya Orkney vina sifa ya usonara wa fedha, na jina la Ola Gorie linajulikana. Kisiwa cha Iona nacho, tangu Alexander na Euphemia Ritchie waanze kazi yao ya fedha huko mwishoni mwa karne ya 19, kina mtindo wake wa mafundo na merikebu ambao bado unaigwa. Vitu vya akina Ritchie wenyewe ni vya wakusanyaji sasa, na bei zake si za kuvaa kwenye dansi.

Pesa ikiwa ndogo, nenda maduka ya hisani na masoko ya vitu vikuukuu. Pini za zamani hukaa kwenye trei moja na bruchi za mabibi, hazijatengwa, na anayejua kugeuza nyuma hapo ana faida kuliko muuzaji. Kumbuka tu kwamba kulabu za zamani mara nyingi ni zile za C zilizo wazi. Sonara anaweza kubadilisha kulabu ya pini ya fedha. Ya pyuta ni kazi nyingine, nitaieleza mwishoni.

Mtandaoni, picha ya mbele haikusaidii. Omba picha tatu: mgongo mzima, kulabu ikiwa imefunguliwa, na chapa kwa karibu. Omba pia uzito kwa gramu na urefu kwa sentimita. Muuzaji akikutumia picha nyingine ya mbele, endelea na safari.

Njia ambayo naipenda kwa mtu wa pwani ni kumpa kazi sonara wa nyumbani. Lamu, Mombasa, Unguja na Maskati kuna mafundi wa fedha ambao kwao pini ni jambo dogo. Mpe vipimo vilivyoandikwa: urefu sentimita 8 au 9, sindano ya unene wa milimita moja na kidogo, mwanya wa milimita 5 hivi kati ya sindano na mwili, kulabu yenye kifuniko, ncha isiyotokeza. Sura mwachie yeye. Nakshi ya mlango wa Lamu kwenye pembe ya tartani haimuudhi mtu, na hakuna ukoo utakaokudai. Kubalianeni mapema kuhusu kiwango cha fedha. Fedha nyingi ya kale ya Oman na pwani ilitoka kwenye reale za Maria Theresa zilizoyeyushwa, ambazo zina fedha sehemu 833 tu kati ya 1000. Fundi akiyeyusha vitu vya zamani vya bibi yako, hutapata 925, na ukitaka kuiuza Uingereza kwa jina la fedha ya 925 haitapita kwenye vipimo.

Hatua ya 6: Kuivaa

Vaa kilti kwanza, ifunge mikanda yote, simama wima. Usichome pini nguo ikiwa kitandani, kwani mwili hubadilisha jinsi pande linavyoanguka.

Tafuta pembe ya chini ya kulia ya pande la nje. Panda kutoka kwenye pindo sentimita 8 hadi 10, hapo ndipo chini ya pini itakaa. Ingia ndani kutoka kwenye matamvua sentimita 4 au 5. Pini isimame wima, sambamba na ukingo. Tumia mstari wa tartani kama rula.

Tia mkono wa kushoto kati ya mapande mawili, kiganja kiguse upande wa ndani wa pande la nje. Mkono huo unafanya kazi mbili: unalitenga pande la ndani lisichomwe, na unakuambia sindano imefika wapi. Kwa mkono wa kulia weka ncha juu ya kitambaa, isukume taratibu huku ukiitikisa kidogo, iteleze kati ya nyuzi. Usilazimishe. Ikipita, lalisha sindano upande wa nyuma sentimita kadhaa, itoe tena mbele, ifunge, zungusha kifuniko cha kulabu. Sasa inua pande la nje peke yake. Likija bila la ndani, umemaliza. Kaa kwenye kiti uhakikishe.

Kama pini ni ya thamani au ya kukodi, ongeza kinga: kipande kidogo cha mpira, hata kile cha nyuma ya hereni, kikivikwa kwenye ncha kabla ya kufunga. Hakionekani, nacho kimeokoa pini nyingi. Kwa kilti ya kukodi, uliza pia kama unaruhusiwa kuchoma pini yako mwenyewe, na usome risiti kuhusu kitu kikipotea.

Muziki wa ceilidh (dansi ya kienyeji ya Scotland) ukianza, ivue na uitie kwenye sporran. Kwenye mchezo uitwao Strip the Willow unazungushwa na mtu mmoja baada ya mwingine mstari mzima, na pini ikinasa lesi ya gauni la mtu, hakuna anayeweza kusimama kwa wakati.

Baada ya sherehe

Itoe usiku huohuo. Pini ikilala kwenye kilti kabatini hunyoosha matundu yake, na sufu ina salfa inayofanya fedha iwe nyeusi haraka. Ihifadhi kwenye kitambaa cha pamba. Alama ndogo iliyobaki kwenye kilti isugue kwa ukucha kwa kufuata mstari wa uzi, kisha ielekezee mvuke kidogo kwa mbali, nyuzi zitarudi. Kabla ya kupeleka kilti kwa dobi, kagua tena kama pini imetoka.

Fedha isafishwe kwa kitambaa cha kung'arishia, bila kuusugua weusi ulio ndani ya michoro, kwa kuwa ndio unaofanya mchoro uonekane. Pyuta ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushe.

Bawaba ya pyuta ikikatika, usimpelekee sonara yeyote bila kumwambia ni pyuta. Kwa macho inafanana na fedha iliyochakaa, lakini huyeyuka kati ya nyuzi joto 170 na 230 za selsiasi. Moto anaoutumia kulehemu fedha unazidi hapo mara mbili tatu, na pini itakuwa tone mezani kabla hajaondoa mkono. Fundi anayejua pyuta hutumia risasi ya kulehemia ya joto la chini. Usipompata, nunua pini nyingine, na ile ya zamani mtengenezee sumaku ya friji.